Aliyeyapokea Maji

Asubuhi ambayo baba yake hakuamka, simu ya baba iliita kama kawaida, kabla chai haijachemka.

Majirani walikuwa wameshaanza kuingia uani kwa sauti za chini. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameushika mkono wa mumewe ambao ulikuwa umeshapoa. Simu ile ndogo ya tochi ililia juu ya meza, ikatetemeka mpaka ikaigusa miwani ya marehemu, na hakuna aliyetaka kuishika. Mwishowe binti ndiye aliyeichukua, kwa sababu mlio wake ulikuwa unamchoma.

"Shikamoo, Mzee," ilisema sauti ya mwanamume kijana. "Huku juu shwari. Maji ni meupe, yamefika kwenye jiwe la pili. Nimegeuza mawe, wadudu wa maji safi wapo tele, hata kereng'ende wachanga nimewaona. Leo watoto wako waingie mtoni bila wasiwasi."

Binti alilijua jibu. Alikuwa amelisikia kila asubuhi tangu akiwa anavaa sare za shule ya msingi.

"Nimeyapokea," alisema, akakata. Kisha akakaa sakafuni.

Baba yake ndiye aliyeanzisha Kituo cha Chini, pale mjini karibu na daraja, wanafunzi wafundishwe mto unaishi vipi na unauawa vipi. Kituo cha Juu kilikuwa milimani, kwenye chemchemi zenyewe. Vituo hivi viwili vilikuwa na utaratibu wao: kila asubuhi wa juu anampigia wa chini, anamweleza maji yalivyoamka. Wa chini akishasema "nimeyapokea", maji hayo yanakuwa jukumu lake. Simu isipopigwa, hakuna mtoto anayetia mguu mtoni. Mvua hunyesha juu huku mjini jua linawaka, na mto hujaa ghafla watu wakiwa wanafua.

Baada ya mazishi binti aliacha kazi ya ualimu kwenye shule aliyokuwa akifundisha, akachukua funguo za kituo. Watu waliendelea kumwita Mwalimu. Akampigia yule wa juu akiwa amesimama nje ya ofisi ya baba yake, hajapata moyo wa kuingia.

"Mzee ametutoka," alisema. "Siku ile aliyekujibu ni mimi. Kuanzia sasa nipigie kwenye namba hii."

"Pole sana, dada," ile sauti ilisema. "Mimi nilimwambia watoto waingie mtoni bila wasiwasi. Kumbe siku hiyo alikuwa ameshaondoka."

Simu ya tochi ilibaki kwa mama. Kila jioni aliichomeka kwenye umeme kama mumewe alivyokuwa akifanya, na kila asubuhi aliichomoa. Haikuita. Redio nayo aliizima tangu siku ya msiba, akaifunika kitambaa.

*

Mtaa wa maduka ya vifaa vya ujenzi ulikuwa umefurika siku ile. Mikokoteni ilipita imebeba mabati, wapiga debe walishindana kutaja bei, na harufu ya rangi mpya ilichanganyika na ya mpira na vumbi la saruji. Mwalimu alikuwa amekuja kununua viatu vya mvua kwa ajili ya wanafunzi. Alivaa gauni la bluu iliyoiva na raba nyeupe ambazo alijuta kuzivaa, maana barabara ilikuwa na tope.

Nyuma yake mteja mmoja alikuwa akibishana na muuza viatu.

"Nikijaze maji kwanza."

"Bosi, hicho kiatu ni kipya. Kipya hakivuji."

"Basi huna cha kuogopa."

"Ukikilowesha, umekinunua."

"Na kikivuja?"

"Umenunua kinachovuja."

Watu wakacheka. Yule mteja naye akacheka, cheko la kukubali kwamba amepatikana, akakijaza maji hivyo hivyo. "Kaka yangu, mimi nashinda ndani ya maji. Kule kwetu juu mawe yanateleza na baridi inauma. Kiatu kikivuja, mafua yangu hayaishi mpaka mwakani."

Mwalimu alikuwa ameshika kiatu cha mtoto mkononi. Hakugeuka. Alikuwa amekwisha kuijua sauti ile, ile iliyokuwa ikimwamsha kila siku na kumpa habari za mawe na wadudu. Alisema tu, akiwa ameangalia rafu za viatu:

"Nimeyapokea."

Alipogeuka alimwona mtu mrefu, shati la kijani lililochujuka, suruali imekunjwa mpaka chini ya magoti, mbegu za majani zimemganda kwenye nywele. Alikuwa ameinamisha kiatu bila kujua, na maji yalikuwa yanamwagikia miguu ya muuza viatu.

"Wewe ndiye," alisema.

"Mimi ndiye."

"Nilidhani una umri mkubwa zaidi."

"Kwa sababu gani?"

"Unavyokata simu. Kama bibi yangu."

"Na mimi nilidhani wewe ni msafi zaidi," Mwalimu alisema, akaunyosha mkono akamtoa mbegu moja kichwani, kisha akashangaa mkono wake mwenyewe.

"Mnanilipa au mnachumbiana?" muuza viatu aliuliza huku akikung'uta ndala.

Walikunywa chai kwenye mgahawa wa kona, viatu vya watoto vimerundikwa kwenye kiti cha tatu kama mgeni. Kijana alimwambia kwamba kazini wanamwita Chemchemi, kwa kuwa yeye ndiye anayezijua chemchemi zote za mlimani hata zile zinazokauka. Alimwambia pia kwamba Mzee alikuwa na tabia ya kumuuliza, baada ya taarifa ya maji, kama ameshakula.

"Hata mimi alikuwa ananiuliza hivyo," Mwalimu alisema. Ikawa mara ya kwanza tangu msiba kumzungumzia baba yake huku akitabasamu.

*

Taarifa za asubuhi zikaanza kurefuka.

"Maji ni meupe, Mwalimu. Yameshuka kidogo chini ya jiwe la pili. Na aliyekuletea hajalala vizuri."

"Ana nini?"

"Anamuwaza aliyeyapokea."

"Hiyo haimo kwenye taarifa."

"Iongeze."

"Chemchemi, nina darasa zima la watoto getini wanapigana kwa viatu vya mvua."

"Basi niambie neno moja niende kazini."

"Nenda kazini."

"Hayo ni mawili."

Mtunza bustani wa kituo, mwanamke mwenye macho ya kuona kila kitu, alikuwa anapita na ndoo makusudi. "Mto wa siku hizi una habari nyingi," alisema. "Zamani Mzee alikuwa anamaliza kabla sijajaza ndoo moja."

Siku za mapumziko Chemchemi aliteremka mjini kwa basi, amenyoa, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Walitembea ukingoni mwa mto kutoka darajani hadi kwenye jengo la zamani la pampu, ambalo halikuwa na mtu. Alimwita "moyo wangu" kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja kitu chake. Mwalimu alimwita "bwana wa mawe" alipotaka kumchokoza, na "mpenzi" alipodhani hasikiki.

"Nataka kuja nyumbani nimsalimie mama," Chemchemi alisema siku moja.

"Tusaini kwanza."

Kusaini kulikuwa ndiyo kazi aliyoiacha baba yake haijaisha. Halmashauri ya mji ilikuwa tayari kuvikabidhi vituo viwili kingo zote za mto, wapande miti, wazuie uoshaji wa magari na uchimbaji wa mchanga, na wafundishe somo moja kuanzia mlimani hadi mjini. Sharti lilikuwa moja: vituo vyote viwili visaini pamoja, kwenye kikao cha Jumatatu iliyopangwa. Kimoja kikijitoa, kingo zinakatwa viwanja na kuuzwa. Mzee alikuwa amelizungusha jambo hilo maofisini kwa miaka, akirudi nyumbani na soli zimekwisha. Mwalimu alitaka limalizike. Hakutaka furaha nyingine yoyote itangulie mbele yake.

"Jumatatu tunasaini," Chemchemi alisema. "Jumanne nipo mlangoni kwenu. Mwambie mama asishtuke, mimi ni mrefu lakini sina madhara."

*

Siku chache kabla ya kikao, chemchemi moja ya juu ilianza kunuka mafuta ya gari. Gereji za huko juu zilikuwa kadhaa, na kila fundi aliapa kwamba si yeye. Kuna rangi ya kijani ambayo watu wa kazi hii huimwaga kwenye mtaro ili waone maji yanapita wapi chini ya ardhi na kutokea wapi. Haina sumu, lakini ikionekana mtoni inatisha. Mkuu wa Kituo cha Juu, mama mmoja mkali asiyependa maneno mengi, alikubali itumike.

Jioni ile, Chemchemi akiwa ameinama kupima kina, simu yake ilimtoka mfukoni ikachukuliwa na maji. Aliikimbilia hadi kwenye maporomoko, akarudi amelowa mpaka shingoni na mikono mitupu.

Asubuhi akachukua simu ya ofisi. Namba ya Mwalimu hakuwa nayo kichwani. Lakini kwenye simu ya ofisi kulikuwa na jina lililoandikwa zamani: Kituo cha Chini. Akabonyeza.

Namba ile ilikuwa ya Mzee.

Mjini, Mwalimu alikuwa ameshaondoka. Mama alikuwa jikoni anapepeta mchele aliposikia mlio ambao alikuwa hajausikia tangu siku ile. Alikwenda chumbani taratibu, akiwa na unga wa mchele mikononi. Akaipokea, akaiweka sikioni.

"Habari za asubuhi. Huku juu shwari," ilisema sauti, nyuma yake jenereta ya ofisi ikinguruma. "Leo tunamwaga ile rangi ya kufuatilia maji. Mchana huenda yakafika huko yakiwa kijani. Hayana madhara yoyote, ila watoto wasije wakaogopa. Waambie watu mapema."

Mama hakushangaa. Binti yake alikuwa anapigiwa kila siku kwenye simu yake mwenyewe, hilo alilijua. Alidhani kijana wa watu ameamua kumpigia na marehemu, kwa heshima, kama mtu anavyopita kaburini kutoa salamu. Machozi yakamjaa. Akasema neno ambalo mumewe alilisema kitandani mle maisha yao yote.

"Nimeyapokea."

Sauti za mama na binti zilifanana tangu zamani, hata ndugu wakipiga simu walikuwa wanakosea. Chemchemi aliridhika, akaweka simu chini, akaenda kumwaga rangi.

Mama akarudi jikoni. Hakumwambia mtu. Alitaka jambo lile likae kwake peke yake kwa muda.

Mwalimu aliisubiri simu mpaka jua likapanda. Haikuita. Akapiga, akaambiwa mteja hapatikani. Akafunga geti la mtoni, akawafundishia watoto uani. Saa za mchana mtunza bustani alikuja mbio, ameacha ndoo yake njiani.

"Mwalimu, njoo uone. Mto umekuwa kijani."

Ulikuwa kijani kweli, kijani kinachong'aa kama kinywaji cha chupa. Wanawake waliokuwa wanafua walipanda ukingoni wakiburuta nguo. Mtu mmoja akasema kiwanda kimemwaga sumu, mwingine akasema amemwona samaki amekufa, ingawa alipoulizwa yuko wapi hakuonyesha. Waosha magari wakatoweka. Mwalimu alikimbia huku na huku akiwazuia watu wasinywe, akipiga ile namba tena na tena.

Mwandishi wa redio alimkuta katika hali hiyo, akamsogezea kinasa sauti.

"Kituo cha Juu waliwapa taarifa?"

"Hawakutuambia chochote," alisema, akihema. "Mtu unamwamini kila siku, halafu siku ya hatari anazima simu. Kama hatuwezi kuambiana, huo umoja tunaotaka kusaini ni wa nini?"

Nyumbani kwao, jirani aliita juu ya ukuta. "Mama, mto umegeuka kijani, tumekwisha."

"Najua," mama alisema, akiendelea na mchele wake. "Hauna madhara."

Jirani alibaki ameshika ukuta.

Na kule juu, Chemchemi alikuwa anakausha viatu kwenye baraza, redio ya mpishi imefunguliwa. Aliisikia sauti aliyoijua kuliko zote ikisema kwamba hawakuambiwa kitu. Mkuu wa kituo naye alikuwa dirishani, amesikia.

"Ulimwambia au hukumwambia?"

"Nilimwambia. Akajibu kabisa, nimeyapokea."

"Basi ni mwongo," Mkuu alisema. "Na mimi sisaini na waongo. Andika barua ya kujitoa."

Rangi ilipotea mtoni kabla ya machweo. Maneno ya redio hayakupotea.

*

Kazi ni kazi. Kesho yake Chemchemi alipiga tena, sauti kavu kama kuni.

"Maji ni meupe. Jiwe la pili."

"Nimeyapokea."

Simu ikakatwa. Aliitazama kwa uchungu. Amenichafua redioni, alijisemea, na bado ananijibu kama hakuna lililotokea.

Siku iliyofuata alijaribu. "Maji ni meupe. Una lingine la kuniambia?"

Mama, aliyekuwa amefumba macho kitandani, alidhani kijana anamuuliza marehemu. Alibonyeza kitufe, akakaa na simu kifuani.

Mwalimu alikuwa anarudi nyumbani uso umefungwa. Mama akiuliza, alisema ni uchovu wa kazi. Hakutaka kumwekea mama mzigo mwingine juu ya ule alionao. Alipata ujumbe kwamba Kituo cha Juu kimeandika barua ya kujitoa, akausoma mara moja, akauweka kando. Kila asubuhi aliiangalia simu yake mpaka geti lilipofunguliwa, kisha aliwaambia watoto wakae uani tena.

"Ameniacha kwa kuona aibu," alimwambia mtunza bustani. "Afadhali angekuja anitukane."

"Mpandie basi umfuate."

"Nimfuate mtu aliyezima simu?"

"Unampenda?"

"Hilo si swali."

"Basi ni jibu," mtunza bustani alisema, akainua ndoo.

Jumamosi Mwalimu alikuwa nyumbani. Alivaa kanga kuukuu, anasugua masufuria uani kwa mchanga, akiyaonea. Ndani, simu ya tochi ikaita. Hakuisikia kwa kelele za masufuria.

Chemchemi alikuwa hajalala. Alitoa taarifa ya maji haraka haraka, kisha akanyamaza, kisha yote yakamtoka kwa mkupuo.

"Sikiliza, moyo wangu. Jumatatu si mbali. Mimi sijali tena nani alisema nini. Kama unataka niseme kosa ni langu, nitasema. Mkuu anifukuze akitaka. Nimekosa usingizi, chakula hakipiti, mawe nayageuza bila kuona kilicho chini yake. Nakupenda. Nilitaka kuja Jumanne nimsalimie mama, na bado nataka. Niambie chochote, lakini usiniambie nimeyapokea."

Mama alikuwa ameitoa simu sikioni kuanzia "moyo wangu", anaitazama kana kwamba imemwagikiwa maji ya moto. Akairudisha sikioni, akakohoa kidogo.

"Baba," alisema, "maji nitayapokea. Lakini haya mengine hayanihusu."

"Ni nani mwenzangu?"

"Mimi ndiye huyo mama unayetaka kumsalimia."

"Shikamoo, mama," Chemchemi alisema kwa sauti iliyopungua ukubwa.

"Marahaba, mwanangu. Subiri nimwite mwenyewe."

Alitoka uani akiwa ameinyosha simu mbele yake kwa mikono miwili. "Njoo uongee na mtu wako. Analia."

Mwalimu aliinuka na mikono imejaa mchanga. Aliitambua simu ya baba yake kabla hajaelewa kingine chochote.

"Silii," Chemchemi alikuwa anasema. "Mwambie silii."

"Uko wapi? Kwa nini umezima simu?"

"Simu ilikwenda na maji. Nimekuwa nakupigia kwa ya ofisi kila siku. Hata ile siku ya rangi nilikupigia, ukanijibu."

"Sikukujibu."

"Aliyenijibu…" Chemchemi alianza, akaishia hapo.

Wote wawili wakaelewa. Mwalimu alimgeukia mama. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo cha jikoni, mikono mapajani.

"Nilidhani anampigia baba yako," alisema. "Nilijua wewe una taarifa yako. Ningejua huna, ningekukimbizia hadi kituoni bila viatu." Kisha akaongeza, "Lilikuwa linanipa nguvu, lile neno. Siku nzima."

Mwalimu alipiga magoti mbele yake, akamkumbatia kiunoni, mchanga na maji ya sabuni vyote. Alianza kulia, halafu kilio kikageuka kicheko, na mama naye akacheka akijipangusa kwa ncha ya kanga. Simu ilikuwa chini, imewashwa.

"Jamani," ilisema. "Mimi bado nipo."

*

Mama alikataa binti aende peke yake. "Mimi ndiye niliyeyapokea, mimi ndiye nitakayesema." Ilikuwa mara ya kwanza kutoka nje ya geti tangu mazishi. Alivaa gauni lake la kijivu lenye vifungo vya mbele, akajipaka mafuta, akaketi dirishani kwenye basi akitazama mto unavyopungua upana kadiri walivyopanda.

Chemchemi alikuwa kwenye kituo cha basi amevaa shati la pasi. Alimwamkia mama huku ameinamisha kichwa kama mwanafunzi.

"Kumbe ni mrefu kweli," mama alisema. "Inua kichwa. Nimeshasikia yote, huna tena la kunificha."

Mkuu aliwapokea ofisini akiwa amesimama. Barua ya kujitoa ilikuwa mezani tayari kupelekwa halmashauri.

"Nasikia taarifa ilipokelewa," alisema. "Na nani?"

"Na mimi," mama alijibu.

"Wewe ni nani kwenye kituo?"

"Si mtu wa kituo. Ni mke wa yule aliyekuwa anayapokea."

Mkuu akazunguka meza, akavuta kiti chake mwenyewe, akamkalisha.

"Alikuwa ananiuliza kama nimekula," Mkuu alisema. Ilikuwa ajabu kumsikia akitafuta maneno. "Kwa hiyo taarifa ilifika. Ila haikutoka jikoni."

"Haikutoka jikoni," mama alikubali.

"Na wewe," Mkuu akamgeukia Mwalimu, "redioni?"

"Nilisema nisilolijua. Nitarudi pale pale nikaseme tena, jina langu na kosa langu."

"Useme na kwamba rangi tuliyomwaga kwenye mtaro wa gereji ya kwanza ndiyo iliyotokea kwenye chemchemi, ili aliyekuwa anaapa aache kuapa." Mkuu aliichukua barua, akaikunja, akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. Meza ikatulia. "Jumatatu nitakuwa na kalamu yangu."

Mwalimu alitoa pumzi ambayo alikuwa ameibana tangu mto ulipogeuka kijani. Nje, Chemchemi alimshika mkono na kumpeleka hadi kwenye chemchemi yenyewe, pale maji yanapochungulia katikati ya mizizi, madogo kiasi kwamba mtu angeweza kuyaziba kwa kiganja.

"Hivi ndivyo yanavyoanza?" Mwalimu aliuliza. Alikuwa hajawahi kufika.

"Ndivyo. Ukasirike vipi na kitu kidogo hivi."

"Mimi niliweza."

"Wewe una kipaji." Akamgeuza amtazame. "Nilitaka kuja kwenu na wazee wangu kwa utaratibu. Lakini mama ameshasikia kila kitu, na mimi nimechoka kuongea na wewe kwa simu. Nikuoe?"

"Utakuwa unarudi nyumbani umelowa kila siku?"

"Kila siku."

"Na mbegu kichwani?"

"Hizo siwezi kukuahidi zitaisha."

"Basi nakubali," Mwalimu alisema, na alipolisema hilo mabega yake yalishuka, na akagundua kwamba ana njaa sana.

Walipita redioni wakirudi. Mwalimu alisema alichosema, kwa ufupi, bila kumtaja mama. Jumatatu walisaini kwenye ukumbi wa halmashauri uliokuwa na feni moja inayofanya kazi. Mkuu alisaini kwanza. Jina la Mzee lilisomwa mwishoni, na mama, aliyekuwa kiti cha mbele, aliinua uso badala ya kuuinamisha. Usiku ule aliondoa kitambaa juu ya redio, akaisikiliza taarifa ya habari hadi ilipokwisha.

Siku hizi jengo la zamani la pampu ni Kituo cha Kati, cha vituo vyote viwili. Chemchemi na mkewe wanakaa kwenye vyumba viwili vya nyuma, na mama ana chumba upande wa mtoni. Paa la darasa halijaisha, linavuja juu ya mlango, na mafundi wamesema watarudi Alhamisi.